Pointi Niliyonyang'anywa Jumatano

Jumatano ya tarehe kumi na nane Desemba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nikiwa jikoni na soksi moja mguuni, nilikufa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa siku tuliyomzika Marlene.

Simu ililia ule mlio wake mfupi. Nikadhani ni tahadhari ya theluji kutoka ziwani, maana hapa mjini Erie mwezi huo simu hazina habari nyingine. Kumbe ni ligi.

“Marekebisho ya takwimu. M. Tolliver: kudaka 5, sasa 4.”

Nikasoma mara tatu. Shule niliiacha darasa la tisa, lakini kutoa moja kwenye tano najua.

Nikafungua ukurasa wa mechi. Jumapili jioni niliuacha ukisema 101.3 kwa 100.7, mimi juu. Sasa ulisema 100.3 kwa 100.7.

Mimi chini.

Kwa aliyefungia nyama gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa kifupi. Naitwa Clem Dombek, mfua vyuma mstaafu, mgane. Mke wangu aliniachia nyumba, paka mkorofi, na timu yake kwenye ligi ya kubuni. Ligi ni ya watu kumi. Hatuchezi wenyewe, kwa magoti gani? Kila mtu anajichagulia wachezaji wa kweli wa mpira huu wetu wa kofia ngumu. Wao wakitoka jasho uwanjani, sisi tunavuna pointi sebuleni. Huyo Tolliver ni wa kwangu.

Timu ya Marlene inaitwa Shangazi Chuma. Miaka kumi na minne, ubingwa mara mbili. Mwaka wa kwanza bila yeye niliishika mimi, nikawa wa mwisho. Kanuni inasema ukiwa wa mwisho miaka miwili mfululizo, kiti chako anapewa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine keshaandaliwa: ni Travis, mkwe wa shemeji yangu Duane. Na Duane ndiye mwenyekiti. Mnaona mambo?

Sasa kiti kikihama, jina linahama nacho mpaka miaka ya nyuma. Mtambo wa kompyuta wa ligi ndivyo ulivyotengenezwa na hao mabwana wasiofikiri. Ule ubingwa mara mbili wa mke wangu hautasomeka tena Shangazi Chuma. Utasomeka jina lolote la kipuuzi atakalobandika Travis. Itakuwa kama Marlene hakuwahi kukaa pale.

Wiki iliyopita niliishia Jumapili ya mechi yangu na Patti Scalise, mwenye saluni, rafiki wa Marlene tangu usichana. Mimi na Patti ndio tulioburuta mkia msimu huu, kwa hiyo tukapangiwa ile mechi ya mwisho kabisa, wenyewe wanaiita Kombe la Choo. Atakayefungwa ndiye wa mwisho. Kwa Patti ni mara ya kwanza, adhabu yake ni kuvaa vazi la kuku na kutuhudumia siku ya kuchagua wachezaji. Kwangu mimi ni kumfuta mke wangu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Patti alinialika kula maandazi yenye pepperoni, ile soseji ya pilipili, ndani. Nikala mawili, la tatu nikalilia. Sikumwomba kitu. Narudia, sikumwomba kitu chochote.

Jumapili nikashinda kwa tofauti ya sehemu sita za kumi za pointi. Nikacheza peke yangu jikoni, paka akanitazama kwa dharau.

Halafu ikaja hiyo Jumatano.

Sikumpigia Duane simu. Nilivaa soksi ya pili nikaendesha gari mpaka kwenye ghala la matairi anakosimamia. Nilimkuta nyuma ya meza yake, kavaa miwani ya kusomea kama hakimu.

“Karibu shemeji. Kaa.”

“Sikai.”

“Basi simama. Kahawa?”

“Nataka pointi yangu.”

Akapumua. Akageuza kompyuta nione. Alikuwa amekwisha kuiweka ile picha tayari, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa akinitarajia.

“Tazama hapa. Mrushaji anamsukumia Tolliver mpira ubavuni. Jumapili walisema mpira ulikwenda mbele. Ukienda mbele ni pasi, Tolliver kadaka, na kwetu kila kudaka ni pointi moja. Leo wameitazama tena polepole. Mpira ulirudi nyuma nusu yadi. Ukirudi nyuma si pasi, ni kukimbia.”

“Alikimbia yadi ngapi?”

“Tisa. Hizo zipo, hakuna aliyezigusa. Yadi kumi ni pointi moja, awe amekimbia au amedaka. Una sifuri nukta tisa yako palepale. Kilichoondoka ni pointi ya kudaka.”

“Duane, huo mpira aliushika kwa mikono au kwa meno?”

“Kwa mikono.”

“Basi kadaka!”

“Macho yangu yanasema kadaka. Kanuni inasema hajadaka.”

“Nani kaamua?”

“Watu wa takwimu.”

“Wanakaa wapi?”

“Nitajuaje, shemeji? Ofisini huko.”

Nilicheka kicheko kibaya. Ofisini! Kila kilichonimaliza kimetoka ofisini. Kiwanda chetu kilifungwa na watu wa ofisini ambao hawajawahi kushika nyundo. Barua ya bima iliyokataa kipimo cha Marlene iliandikwa ofisini, na mtu aliyeandika “tunasikitika” bila kusikitika. Na sasa wamekaa kwenye viti vya magurudumu, wamepima nusu yadi, wamenichukulia mke.

“Wewe ndiye mwenyekiti,” nikamwambia. “Una funguo za mtambo. Rudisha matokeo ya Jumapili, ufunge. Nani atakuuliza?”

“Wote nane watauliza.”

“Na waulize! Dada yako huyo, Duane! Ni jina la dada yako!”

Akavua miwani. Nikadhani amelegea. Kumbe anaifuta tu. Akaivaa, akatafuta kitu kwenye kompyuta, akashuka chini miaka na miaka ya maneno ya ligi, matusi na vicheko vya watu kumi, mpaka akasimama.

“Sitaki kukusomea hii,” akasema.

“Soma.”

“Ni miaka tisa sasa. Nilimfunga Marlene kwa nusu pointi, nikatamba siku tatu. Jumatano marekebisho yakaja, yakampa yeye ushindi. Nikaenda nyumbani kwenu kulia. Wewe ulikuwa zamu ya usiku kiwandani.”

“Soma, Duane.”

Akasoma alichoandika Marlene. “Marekebisho yakija kabla ya Alhamisi saa sita mchana yanahesabiwa, kwa yeyote, hata kwangu. Na anayetaka kulia aje, nitampa taulo la jikoni.”

Akageuza kompyuta nijionee.

“Alinipa taulo kweli,” Duane akasema. “Lile lenye jogoo.”

Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Nilikuwa nimekuja kugombana na wakubwa, nimekutana na mke wangu. Na ile pointi moja ya kila kudaka nayo ilikuwa yake! Ligi nyingine hawatoi. Yeye ndiye aliyewasumbua msimu mzima mpaka wakapiga kura. “Mtu akidaka amefanya kazi,” alisema, “alipwe.” Alipika kwenye kantini ya shule miaka ishirini na sita, alijua maana ya kufanya kazi usionekane.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Angekwenda nyumbani akalisha paka.

Mimi nikasimama nikapiga meza ya watu.

“Mnapenda kanuni, sivyo? Basi kagueni zote! Si Tolliver peke yake! Kagueni mechi nzima, kila mtu, upande wangu na upande wake, tangu Jumapili asubuhi! Tuone kama ni mimi tu mwenye nusu yadi!”

Duane akanitazama. “Unaomba ukaguzi rasmi?”

“Naomba!”

“Ukishaandikwa haufutwi. Unalijua hilo, shemeji?”

“Andika! Unaogopa nini? Travis atakununia?”

Akaandika. Akabonyeza. Ikaingia kwa watu wote kumi.

Ninyi mnaosoma, nadhani mnajua sura ya mtu aliyejifungia mlango kwa nje akaacha funguo ndani. Mimi wakati ule nilikuwa bado sijajua kama nimejifungia. Nilitoka pale nimenyoosha kifua kama mbunge.

Nikaenda moja kwa moja saluni kwa Patti. Asubuhi hizo hana wateja, wanakuja mchana baada ya misa ya wazee. Aliponiona mlangoni akaonyesha kiti kwa mkasi.

“Keti. Unafanana na mbwa aliyelala nje.”

“Umeona simu?”

“Nimeona. Keti kwanza.”

Akanifunga kitambaa shingoni, akanilowesha kichwa, akaanza upande wa kushoto. Tulikuwa tunaongea kwa kupitia kioo.

“Pole, Clem,” akasema. “Sifurahi. Najua ningepaswa kufurahi lakini sifurahi. Nilikwisha hata kujipimia lile vazi la kuku.”

“Umejipimia?”

“Linanibana kifuani. Nililipenda kidogo.”

“Patti, ulijuaje utafungwa?”

Mkasi ukasita, kisha ukaendelea.

“Naijua timu yangu.”

“Usijali,” nikamwambia. “Bado haijaisha. Nimemlazimisha Duane afanye ukaguzi rasmi. Mechi nzima. Kila mchezaji, wangu na wako.”

Mkasi ukasimama kabisa.

“Umefanya nini?”

“Ukaguzi. Nimeomba mwenyewe.”

“Clem.” Akaweka mkasi kwenye meza taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. “Clem, wewe ni mjinga. Marlene alikuwa ananiambia, mimi nikikutetea. Ni mjinga wa kutupwa!”

“Sasa matusi ya nini?”

“Unamjua Tackett wangu?”

Hollis Tackett ni mdakaji wake. Jumapili ile hakucheza, goti. Mchezaji asiyeshuka uwanjani anakupa sifuri, na ukimwacha kikosini sifuri hiyo ni yako.

“Nilikuwa nimeshamtoa tangu Ijumaa,” Patti akasema, sauti ikishuka. “Nimemweka mwingine, mzima. Huyo mzima alipata pointi kumi na saba. Jumapili adhuhuri nilikaa nikakumbuka ulivyolia juu ya andazi langu. Nikaingia, nikamtoa mzima, nikamrudisha mgonjwa.”

“Ulifanya makusudi?”

“Hapana, niliteleza! Makusudi, ndiyo! Nilijiachia nifungwe ili wewe mwanaume ushinde, na bado hukuweza kushinda!”

Hesabu ikanijia yenyewe, sikuiita. Alitupa pointi kumi na saba dirishani, na bado amenizidi kwa nne za kumi. Nimefungwa na mwanamke aliyekuwa anajitahidi kufungwa.

“Mungu wangu, Patti. Sikujua.”

Na hapo ndipo penye aibu yangu, niliyoificha hata kwenye gazeti hili wiki iliyopita. Niliandika kwamba Jumapili nilikuwa natazama upande wangu tu wa ukurasa. Si kweli.

Orodha ya wagonjwa hutoka saa tano na nusu. Redio ya jikoni ilimtaja Tackett. Saa saba kasoro dakika kumi, mechi haijaanza, nikafungua kikosi cha Patti, nikamwona Tackett kakaa pale, na jina lake lina alama nyekundu.

Kwenye ligi yetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote. Ukimwona mpinzani kamweka mgonjwa, unampigia simu kabla ya mpira kuanza. “Mtu wako yuko kitandani, amsha mwingine.” Marlene alipiga simu hizo hadi kwa watu aliowachukia. Mwaka mmoja alimpigia Duane, Duane akabadilisha, akamfunga na kumtoa Marlene kwenye mashindano. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, “Nikimfunga akiwa amelala, nimemfunga nani?”

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Namba ya Patti ya pili kutoka juu. Nikafikiri amesahau. Niliamini kabisa amesahau, naapa. Na nikaigeuza ile simu kifudifudi mezani, nikakaa juu ya mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa biskuti, mpaka nikasikia mpira umepigwa.

Yeye alikuwa ananipa. Mimi nilikuwa naiba kilekile anachonipa.

Haya yote nilipaswa kumwambia pale pale kwenye kioo. Nikasema “sikujua”. Akaniamini. Akanifuta maji shingoni.

“Basi tulia,” akasema. “Duane akiuliza nitasema nimesahau. Nina miaka sitini na nane, nani atanibishia?”

“Na kama—”

“Nimesahau, Clem! Nasahau hata siku ya kutoa takataka.”

Akachukua mkasi. Hakufika sikioni. Kengele ya mlango ikalia, akaingia Duane na theluji mabegani, karatasi mkononi. Hakukung'uta hata viatu.

“Vizuri,” akasema. “Mko wote.”

“Unanichafulia sakafu, Duane,” Patti akasema.

“Patti, Tackett.”

“Nilisahau kumtoa. Uzee.”

“Ungekuwa umesahau, ningefurahi.” Akainua karatasi. “Mtambo unaandika kila mlango unaofunguliwa. Ijumaa ulimtoa. Jumapili saa sita na dakika arobaini uliingia tena, ukamtoa mtu mzima, ukamweka mgonjwa. Mtu hasahau kwa kurudi nyuma.”

Patti akaweka mkasi, akachukua kitana. 

“Kanuni ya saba,” Duane akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka, lazima niwe mkweli. “Anayejiachia kufungwa anatoka kwenye ligi. Moja kwa moja, na jina lake. Pointi zake za mechi hiyo zinafutwa.”

“Zikifutwa,” nikasema, “mechi ni ya nani?”

“Yako. Umeshinda. Shangazi Chuma anabaki.”

Nilisikia moyo ukiruka. Sitawadanganya tena. Uliruka kwa furaha, huku mwanamke aliyenifanyia hisani amesimama nyuma yangu na kitana mkononi.

“Basi nitoe,” Patti akasema. “Nitoe mimi. Miaka kumi na minne imetosha, vidole vyenyewe vinauma. Clem abaki na jina la Marlene. Ndiyo nilichotaka tangu mwanzo.”

“Sijamaliza,” Duane akasema. “Kanuni ya saba ina mstari wa pili. Aliyejua akanyamaza, anatoka pamoja naye.”

Akavuta kiti cha mteja, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Hakuwa mwenyekiti tena. Alikuwa na macho yale yale ya dada yake, ya kijivu, yasiyopepesa.

“Shemeji, mtambo unaniambia umefungua kikosi cha Patti Jumapili saa saba kasoro kumi. Hauniambii umeona nini. Kufungua si kosa, kila mtu anafungua. Sina ushahidi, na sitautafuta. Nitaandika utakachosema wewe.”

Kwenye kioo nilimwona Patti. Alikuwa amesikia ile saa. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua na kufika kwenye mstari wa kati. Aliniangalia, akaangalia nywele zangu, nusu zimekatwa nusu bado. Kisha, mimi niliona peke yangu, akatikisa kichwa taratibu. Sema hapana.

Nikisema hapana, Marlene anabaki na Patti anafukuzwa peke yake, kwa kunipenda. Nikisema ndiyo, tunatoka wote wawili, Travis anakuja na jina lake, na mke wangu anafutwa kwa ulimi wangu mwenyewe.

Duane akaiweka karatasi gotini, akashika kalamu. 

“Nakuuliza kama ndugu,” Duane akasema. “Ulijua au hukujua?”